Nyaya za Lori la Matete

Betri ilikuwa imeshatolewa, imekaa juu ya benchi, na taa bado inawaka.

Fundi aliitazama. Alichukua kitambaa akafuta mikono taratibu, kidole kwa kidole, na alipofika kidole cha mwisho ndipo taa ikazimika. Akajiambia kwamba taa hizi za kisasa zina vidude ndani vinavyohifadhi umeme kidogo. Ni kweli vinavyo, lakini vinahifadhi umeme wa kupepesa jicho, si wa kufuta mikono yote miwili. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale mtaani, maana kwa miaka kumi na minane hakuwa na kazi nyingine ila umeme wa magari. Akafunga betri.

Chombo chenyewe kilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, ile yenye matairi manene ya kupanda vilima na kukanyaga matope. Mwenyewe alikuwa msimamizi wa shamba la miti, mwanamke wa miraba minne, ambaye kwa sababu ya buti zake na sauti yake watu walimwita Afande, ingawa hajawahi kuwa askari hata wa siku moja. Taa zake za zamani zilikuwa mbili, za njano, zinamulika tairi na hatua chache mbele ya tairi, basi. Wezi wa mbao walikuwa wanamwona yeye kabla yeye hajawaona wao. Alitaka taa nyeupe za kisasa, na alitaka zifungwe na mtu anayejua anachofanya.

Kufunga taa kubwa kwenye chombo kidogo si kubadilisha balbu ukaenda zako. Nyaya za kiwandani ni nyembamba, ukizibebesha mzigo zinayeyuka. Inabidi uvute waya mnene kutoka kwenye betri, uweke fyuzi, uweke na rilei, kile kiboksi kidogo kinacholia tik kikipitisha umeme. Shida ni waya. Siku hizi waya wa dukani ni uongo mtupu, shaba imepakwa juu tu kama rangi ya kucha. Kwa hiyo mafundi wanaojiheshimu hukata nyaya za magari ya zamani yaliyokufa, na fundi wetu alikuwa anajiheshimu.

Nje kidogo ya mji, kwenye bonde lenye matete marefu, palikuwa na lori lililoachwa tangu zamani. Viti vimeoza, bodi imeliwa na kutu, lakini nyaya zake nzima, shaba safi. Unaweza kujiuliza kwa nini hakuna aliyezikata miaka yote hiyo. Mafundi wana desturi yao. Kabla ya kufungua gari lililokufa, unaligonga bodi mara tatu kwa spana, unasema hodi, unasimama kidogo. Ukimya ukiwa ukimya, unaingia. Ukijibiwa, unasema samahani mwenye nyumba, unageuka, unaondoka bila kutazama nyuma, na husimulii ni gari gani. Watu wa nje hudhani ni kwa ajili ya nyigu na nyoka, na mafundi huwaacha wadhani hivyo. Wengi wao wamegonga maisha yao yote na hawajajibiwa hata mara moja, ndiyo maana siku hizi wanagonga huku wakipiga soga.

Siku hiyo fundi alikwenda na shemeji yake, kaka wa mkewe, mchomeleaji ambaye walikuwa wanatumia naye karakana moja. Shemeji akazunguka nyuma kutafuta vyuma. Fundi akagonga mlango wa dereva mara tatu, akasema hodi. Kutoka upande wa nyuma pakagongwa mara tatu. Fundi akatabasamu. Shemeji yake ni mtu wa mzaha, hata msibani hujikaza kwa taabu. Akavuta mlango, akaingia, akakata nyaya zote mpaka uti wa mgongo wa lori ukabaki mtupu.

Hizo ndizo nyaya alizozifunga kwenye pikipiki ya Afande.

Afande alikuja kuichukua jioni ile ile, akawasha taa, ukuta wa jirani ukawa mchana, akasifu kazi. Fundi alipomwitikia alisikia sauti yake inatoka vizuri, lakini ile raha ya kusifiwa haikuja. Hakulijali hilo. Alidhani ni uchovu.

Kesho yake alikuwa analehemu waya wa gari jingine, akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akainua kichwa kuona ni jirani gani anayechoma nyama asubuhi yote hiyo. Aliposhusha macho aliona ncha ya kilehemeo imelala juu ya kidole gumba chake, ngozi imekwisha kukunjamana. Akaiondoa. Hakupiga kelele kwa sababu hapakuwa na cha kupigia kelele. Akajaribu kubonyeza vidole vingine vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa kimya. Vidole hivyo vilikuwa vinaweza kupapasa waya ndani ya mpira wake na kusema uzi wa saba kutoka pembeni umekatika. Sasa havikujua hata moto.

Nyumbani palikuwa nyuma ya karakana, mlango mmoja tu katikati. Mkewe alimfunga kidonda, akamsema kidogo kwa uzembe, kisha akakinusa kile kiganja na kukunja uso. Alisema mkono unanuka matope na kiti kilichooza. Fundi alikuwa ameuosha mara tatu kwa sabuni ya unga.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka saba, ambaye baba yake alimwita Bosi kwa sababu kila akitoka shule alikuwa anapanda kigoda cha karakana, anamwambia fanya hivi, fanya vile. Fundi alimpenda mtoto huyo kupita kiasi. Watu walikuwa wanamtania kwamba akiitwa na Bosi huacha gari la mteja katikati ya barabara. Jioni hiyo Bosi alimrukia mgongoni kama kawaida yake. Fundi akaendelea kula. Mtoto akaning'inia pale kidogo, akasubiri, kisha akashuka mwenyewe taratibu na kwenda kukaa na mama yake. Mkewe aliliona hilo, akamtazama sana.

Siku ya tatu Afande akarudi. Hakuja ameipanda pikipiki, alikuja anaisukuma na vibarua wawili, kutoka shambani mpaka karakana, mwendo wa saa nzima. Akawaambia vibarua wakamsubiri nje.

"Fundi, kuna mtu anatembea mbele yangu," alisema, na lile vumo lake la sauti halikuwepo. "Pale mwanga unapoishia. Nikienda, anaenda. Nikisimama, anasimama."

Fundi alimwuliza kama alijaribu kuzima.

"Nilizima. Nikamsikia anarudi kwa miguu."

Shemeji, aliyekuwa anapiga msasa chuma pembeni, aliacha kupiga msasa. Fundi yeye akasema huenda ni ethi, waya wa kurudishia umeme haujashika vizuri kwenye fremu, taa zikichezacheza vivuli navyo hucheza. Aliyasema hayo kwa utulivu, na Afande akamtazama kama mtu anayetazama nyumba ambayo taa zinawaka lakini haijibu hodi. Akasema pikipiki ibaki hapo, yeye hataipanda tena mpaka aambiwe ni nini kilichoondolewa. Akaondoka na vibarua wake.

Mchana kutwa rilei ilikuwa inalia. Betri ilikuwa imetolewa, iko kwenye benchi, swichi imezimwa, na kile kiboksi tik, halafu kimya, halafu tik. Mke alikisikia kupitia ukutani akiwa anapika, akaja mlangoni kuuliza ni saa gani mbovu hiyo. Akaisikia na ile harufu, matope na kiti kilichooza, ikitoka safari hii kwenye pikipiki. Akarudi ndani, akaufunga ule mlango wa katikati. Fundi alipima kwa mita, mita ikasoma volti kumi na mbili kwenye waya ambao haukuunganishwa na kitu chochote. Akaandika ile namba kwenye ubao kwa mazoea, na kila rilei ilipolia ganzi ilipanda kidogo, kutoka kiganjani hadi kifundoni, kutoka kifundoni hadi kiwiko. Alijua anapaswa kuogopa. Aliitafuta hofu mahali ilipokuwa inakaa siku zote, pale chini ya mbavu, akakuta pamefagiliwa.

Alasiri akamwomba shemeji wafunge milango mikubwa ili waone mwanga unavyoanguka ukutani, ndivyo taa zinavyopimwa. Shemeji hakutaka, alisema waziwazi kwamba hataki, lakini hakutaka pia kumwacha peke yake. Wakafunga. Karakana ikawa giza la mchana, mistari ya jua kwenye nyufa za bati tu. Fundi hakuunganisha betri. Taa ziliwaka zenyewe.

Mwanga ulipiga ukuta mweupe wa mbele, ukauchora vizuri, na katikati ya mwanga kilisimama kivuli cha mtu mrefu ingawa kati ya taa na ukuta hapakuwa na mtu, hapakuwa na nguzo, hapakuwa na hata nguo iliyotundikwa, na kivuli kile hakikuwa kimetulia kama vivuli vya vitu bali kilikuwa kinapumua, mabega yakipanda na kushuka, na shemeji alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mitungi ya gesi, na hapo ndipo mlango wa katikati ulipofunguliwa na Bosi akaingia na sare zake za shule, akiwa hajui lolote, akapita mbele ya taa akielekea kwenye kigoda chake, na ukutani vikawa vivuli viwili, kimoja kifupi chenye mkoba mgongoni na kingine kirefu, na kile kirefu kikainama, polepole, kama mtu mzima anavyoinama kumsalimia mtoto, kikanyoosha mkono.

Fundi aliona yote. Alikuwa ameshika tepu, anatafuta mwanzo wake kwa ukucha, na aliendelea kuutafuta.

Shemeji ndiye aliyeruka. Alimnyakua mtoto kiunoni, akaupiga teke mlango mkubwa, jua likaingia, kivuli kikaondoka ukutani. Mtoto alikuwa analia. Alisema mtu amemshika sikio, na ana mkono wa baridi. Mama yake alikuja mbio, akamchukua, akaingia naye ndani bila kuuliza.

"Ulimwona?" shemeji aliuliza.

"Nilimwona."

"Sasa mbona ulisimama tu?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu kabisa, maana lilikuwa swali zuri. "Niliona kwamba natakiwa kukimbia," alisema. "Miguu haikuona sababu."

Kisha fundi, kwa sauti ile ile ya mtu anayeulizia spana, akasema tangu siku ile ya lori hajisikii mzima, tangu shemeji alipomjibu hodi yake kwa mzaha.

"Mimi nikujibu?" Shemeji alimkodolea macho. "Nilisikia umegonga tatu, halafu tatu tena. Nikajua ni wewe unanitania."

Rilei ikalia tik.

Asubuhi mke alikwenda mwenyewe kumleta mganga. Mganga huyo alikuwa fundi cherehani, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na wengi waliomshonesha nguo hawakujua kazi yake ya pili. Hakuja na tunguri wala vishindo. Alikuja na mkebe wa pini na kipande cha chaki ya kitambaa. Alimvua fundi shati, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kumdunga pini kutoka kidoleni kwenda juu, kila pini akiuliza, unasikia? Fundi akijibu hapana. Pini zikasimama mkononi, zikapanda begani, zikavuka kifua hadi upande wa kushoto. Karibu na kwapa la pili ndipo fundi aliposema nasikia. Mama akachora mstari wa chaki pale, akarudi nyuma kuuangalia kama anayeangalia kipimo cha koti.

Akauliza nyaya zilitoka wapi, ikasimuliwa habari ya lori na hodi mbili. Akatikisa kichwa. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa uso kwa uso na fundi.

"Mwenye nyumba," alisema kwa adabu, "tumekuja kuzungumza."

Fundi akausikia mdomo wake ukifunguka. Sauti ilikuwa yake, ila ilikuwa inayavuta maneno kutoka mbali, na yeye aliisikiliza kama watu wengine wote waliosimama pale.

"Alibisha hodi, nikamjibu nipo. Ni mgeni gani anayejibiwa na mwenye nyumba, halafu anaondoka na nguzo za nyumba?"

Mama cherehani alikiri kwamba hilo ni kosa kubwa na halina utetezi. Akasema nguzo zitarudishwa zote, mahali pake.

"Sizitaki. Nimepata nyumba nyingine. Hii ina joto. Ina mtoto."

Mke alijishika kinywa. Shemeji alitazama pembeni. Mama cherehani hakubadilika uso, akauliza ikiwa atakaa, atalipa nini kwa wenyeji.

"Nitamrudishia vyote. Vidole vyake. Hofu yake. Atampenda mtoto wake kama zamani, mpaka kwenye kucha. Mimi nitakaa kimya tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka pasinitoshe," mdomo wa fundi ulisema. "Baadaye nitahitaji chumba kingine, na yule mdogo atakuwa amekua."

"Na tukikutoa leo?"

"Nitaondoka na nilichokula. Nani hutapika mlo wake akifukuzwa?"

Mama akavua miwani, akaifuta, akamgeukia mke na kumweleza kwa lugha nyepesi, ingawa mke alikuwa ameelewa. Hakuna njia ya tatu. Mwenye nyumba akibaki, mume atarudi alivyokuwa, na mtoto siku moja ataliwa kama baba yake alivyoliwa. Akitoka, mtoto yuko salama, na mume atabaki hivi hivi. Mganga alisema yeye hawezi kuwachagulia.

Mke alilia bila sauti. Alikuwa mwanamke aliyeolewa na mtu mchangamfu, mtu wa kuimba akiwa chini ya gari, na sasa anaambiwa amzike huku anampikia. Alipiga magoti mbele ya kile kigoda, akamshika mumewe uso.

"Baba Bosi, wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu," fundi alisema, na safari hii alikuwa yeye. "Lakini nakumbuka ningetaka nini. Mtoeni."

Mkewe akamwambia afikiri vizuri, wana muda. Akajibu kwamba ameshafikiri, na kwamba afadhali waamue sasa, maana hicho kinachomkumbusha nacho kinaweza kuliwa kesho.

Kazi ilifanyika siku hiyo hiyo, jua likiwa kali. Fundi alizifungua nyaya zote kutoka kwenye pikipiki, akakusanya na zilizosalia karakanani, hata kipande cha urefu wa kidole. Walikwenda kwenye matete yeye, shemeji na mama cherehani, na mama akasema aliyekata ndiye atakayerudisha, asisaidiwe. Ilimchukua muda wa saa nne. Vidole havikumwambia kitu, ikabidi afanye kazi kwa macho, akitazama kila ncha ya shaba na kuiunganisha na mwenzake, rangi kwa rangi, kutoka kwenye taa hadi kwenye swichi hadi mahali betri ilipokuwa. Alijikata mara mbili na kujua kwa kuona damu. Alipofunga kiungo cha mwisho mama cherehani alisema maneno yake kwa sauti ya chini, akaweka kiganja kwenye kifua cha fundi, akakiweka pale muda mrefu. Harufu ya kiti kilichooza ilimpita fundi puani mara moja, ikaingia ndani ya lori, na mlango wa dereva ukajifunga wenyewe, bila kubamizwa, kama unavyofungwa na mtu aliyechoka.

Kiungo kimoja hakikuwa kimekazwa vizuri, alikiona kupitia dirishani, na mazoea ya kazi yakamsukuma arudi kukikaza. Shemeji akamkamata mkono, wakaondoka.

Pikipiki ya Afande ilifungwa upya kwa nyaya za dukani, mbilimbili zilizosokotwa pamoja, na taa zikawa za kawaida. Huko shambani hakuna tena anayetembea mbele yake. Shemeji amerudi kwenye mizaha yake, ila ile ya kugonga ameiacha. Fundi bado anafanya kazi. Ni mwepesi kuliko zamani, wateja wanasema, maana hapigi soga.

Mkewe alikaa naye jioni moja akamfundisha. Alimwambia mtoto akianguka, mkimbilie, hata kama huoni haraka. Akikuonyesha daftari, litazame ukurasa kwa ukurasa. Fundi aliyashika yote, maana kichwa chake kilikuwa kizima na alikuwa mwanafunzi msikivu. Aliuliza maswali machache, ya maana. Mkewe alijibu mpaka akashindwa, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku mbili baadaye Bosi alitoka shule amefaulu mtihani, akaja mbio karakanani na karatasi mkononi, akasimama hatua moja mbele ya baba yake kama mtu asiye na hakika. Fundi akaweka koleo chini. Akapiga magoti, akafungua mikono, na mtoto akajitupa humo kwa nguvu zake zote, akamkumbatia shingo. Alikuwa anacheka, kisha akanyamaza.

"Baba, unaniumiza."

Fundi alitazama mikono yake mgongoni mwa mtoto, akaona vidole vimezama kwenye sare. Akavilegeza kidogo kidogo huku akimtazama usoni, kama anavyoangalia mshale wa mita, mpaka uso wa mtoto ulipokunjuka.

"Hapo?" aliuliza.

"Hapo," Bosi alisema.

Akamshika hivyo hivyo, asiongeze wala asipunguze, mpaka mtoto mwenyewe alipotaka kwenda.